Kibao

Nerys alikuja Kigoma na masanduku matatu ya mita za maji
na mwavuli ambao hakuufungua hata siku moja.
Kwao, alisema, mvua hainyeshi, inakaa,
inakaa kama mgeni aliyekwisha kunywa chai akasahau kuaga.
Mimi Ntahondi wa Heru Juu, fundi bomba wa mamlaka,
nilimbebea spana, nikamfundisha kula mgebuka kwa vidole.

"Ninyi Waingereza," nilimwambia siku ya kwanza.
Akaweka kikombe chini.
Siku ya pili nilikwisha kujua Welisi si ua wa nyuma wa mtu:
ina milima yake, ina makaa yaliyotafuna mapafu ya babu zake,
ina kondoo kuliko watu, ina lugha
yenye sauti moja inayotoka kama upepo
kwenye tyubu ya baiskeli iliyochomwa mwiba.
Nikajaribu kuitamka. Mate yalimfikia mama ntilie.

Tulikuwa Kibirizi tukihesabu mabomba yaliyomezwa,
mwaka ule ziwa lilipopanda ngazi bila hodi.
Limebaki paa la ghala, na juu yake
ndege watatu weusi wakianika mabawa.
Akatazama sana. Akasema:
kijiji cha bibi yangu kiko hivi.
Kanisa, posta, shule, vyote chini ya maji.
Ila sisi ziwa halikutufuata. Tulitiwa ziwani,
kwa kura, katika bunge la mbali,
ili mji wa ng'ambo ya mpaka upate kunywa.
Makaburi mengine waliyahamisha. Mengine wakayamwagia zege.
Kiangazi kikikaza, kuta huchungulia,
na watu huwasha magari wakaenda kuangalia mawe.

Nikakaza nati iliyokuwa imekaza tayari.

Usiku ule umeme ulikatika. Akachora kwa kidole mezani
kipande cha mti: urefu huu, upana huu, tundu, kamba.
Mama wa bibi wa bibi yake alikivaa shuleni
kwa kusema dŵr, yaani maji, kwa lugha ya titi la mama.
Mwenye nacho humtega mwenziwe ateleze, amvishe.
Kengele ikilia, atakayekutwa nacho ndiye wa fimbo.

Sikumwachia amalize.
Chetu kilikuwa cha mninga. Mwalimu alikichonga mwenyewe,
akakipiga msasa kisimchome mtoto.
Nilisema amazi. Darasa la tatu, kiu tu, mbele ya mtungi.
"Maji," alinisahihisha, kwa upole, "maji,"
na kamba ikapita masikioni.

Nami sikulala nacho.
Nilimfuata Yoramu kisimani,
Yoramu aliyekuwa akinimegea kiazi chake,
nikamuuliza kwa Kiha, kwa sauti ya ndugu, mama hajambo?
Akanijibu.
Alichapwa sita. Nilihesabu.

Sasa msinielewe vibaya. Kiswahili nakipenda.
Ndicho nilichomtongozea mke wangu, Mbembe wa ng'ambo ya ziwa;
bila hicho tungezeeka tukioneshana vidole.
Ndicho ninachoandikia haya, na hakijaninyima neno.
Lakini mtu anaweza kuipenda nyumba
na bado akakumbuka alivyosukumwa mlangoni.
Nerys alinielewa. Hata yeye hulipwa kwa Kiingereza,
ila akijigonga kidole kwa nyundo
hutoka ile ya tyubu.

Ameondoka Juni. Ameniachia mwavuli.

Jana nilishuka nao mwaloni, jua la kupasua utosi,
wabeba magunia wakinicheka waziwazi.
Yoramu anauza dagaa pale,
mvi zimempanda hadi kwenye nyusi.
Nikasimama mbele ya fungu lake.
Nikasema, Mwakeye.

Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia.
"Salama, bosi," akasema. "Nikupimie kiasi gani?"